Mhadhara wa Bingwa wa Kinywa, Pamoja na Mauzo

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, wazee wangu, akina mama, na nyie vijana mliojazana mlangoni baada ya kusikia kuna vya kunywa: itifaki imezingatiwa.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa ufupi uliopitiliza. Nilimkabidhi wasifu wa kurasa tatu, akasoma jina na kukaa. Nitajazia mwenyewe. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Afya ya Kinywa, Mshauri Mwandamizi, na Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ambayo mpaka sasa ina mkurugenzi tu. Cheti ninacho, cha rangi nne, kimechapwa kwa yule kijana wa kadi za harusi, ndiyo maana pembeni kina maua. Wenye wivu huniuliza nilisomea wapi. Nami nawauliza: Antonie van Leeuwenhoek alisomea wapi? Alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1683 alikwangua ukoga kwenye meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vinachezacheza, akawaandikia barua wakubwa wa Royal Society kule London. Digrii hana! Hapo ndipo tunapofanana. Tunachotofautiana ni kidogo sana: yeye alikuwa na lenzi.

Makofi ya kilo, tafadhali. Asanteni. Kijana wa maiki, punguza mwangwi, lakini usiuondoe wote.

Naam, bakteria. Katika vinywa vya binadamu zimeshatambuliwa aina zaidi ya 700. Kwa hadhi yangu, nakadiria kwangu zote zimo. Nini? Dada pale safu ya tatu anasema hakuna mtu mwenye zote kinywani. Dada, mchango wako umepokelewa. Wewe ni nani kwani? Daktari wa meno, kituo cha afya hapo jirani. Karibu sana. Maswali ni mwishoni.

Adui yetu mkubwa anaitwa Streptococcus mutans. Alimgundua Clarke, London, mwaka 1924, kwenye meno yaliyotoboka. Huyu bwana anakula sukari anatoa asidi. Asidi ikizidi, pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba gumu la jino linaanza kuyeyuka. Ndugu zangu, sukari ni sumu ya jino! Semeni pamoja nami: sukari ni sumu! Safi. Mpwa wangu, anza kupitisha chupa.

Hizi chupa mnazoziona zimebeba bakteria wema. Kazi yao ni kuingia kinywani, kuwafurusha wale wabaya na kukaa wao. Elfu tatu tu chupa moja. Dada daktari, tafadhali usisome lebo kwa sauti. Ndiyo, ni kweli kwamba baada ya maziwa imeandikwa "sukari". Aliyeandika ni mpwa wangu, ana tabia ya kusema ukweli, tunalishughulikia. Isitoshe, sukari iliyomo humu ina bakteria wema ndani yake, kwa hiyo imeokoka.

Turudi kwenye historia, ambako mimi nina nguvu. Mrusi Élie Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1908. Mtu mkubwa huyo! Aliamini maziwa yaliyochachushwa yanarefusha maisha, akawa anayanywa. Alifariki mwaka 1916. Na umri wake? Nani ameuliza umri? 71. Mzee Kassim pale mbele ana 84 na anakunywa chai ya rangi, sawa, lakini je, ana Nobeli?

Msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Kule Mwanza, akina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wenye bakteria hai tangu mwaka 2004 hivi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Walianza bila kuniuliza, nikawasamehe. Dada anasema akina mama wale walilenga lishe na tumbo, meno hawakuyaahidi. Ndiyo! Waliniachia mimi.

Ushahidi? Upo. Helsinki, Ufini. Watoto 594 wa vituo vya kulelea walipewa maziwa yenye bakteria, matokeo yakachapishwa mwaka 2001, na hatari ya meno kuoza ikapungua. Nimemaliza! Hapana, sijamaliza, dada amenyanyuka. Anasema walikunywa pamoja na chakula, siku 5 kwa wiki, kwa miezi 7, na nafuu yenyewe ilikuwa ya wastani. Anasema pia bakteria wale walikuwa na jina kamili na ukoo unaojulikana, anauliza wangu wanaitwaje. Dada, bakteria wangu ni siri ya biashara. Hata mimi sijaambiwa.

Hoja yake ya pili nitaijibu kwa heshima kwa sababu mmeanza kuitikia kwa vichwa. Anasema kinywaji hakikai mdomoni. Kinapita kama daladala iliyojaa: abiria wapo ndani, kituo wanakiona dirishani, lakini hakuna anayeshuka. Mate yanasukuma, koo linameza, na hao wachache waliobahatika kudandia jino wanakuta ukoga umeshafungamana, wenyeji wamebanana, nafasi hakuna. Anasema ndiyo maana Profesa John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, hakuhangaika na bakteria wa maziwa. Alimchukua Streptococcus salivarius, mwenyeji wa kinywa na koo tangu utotoni, na watu humpata kwenye kidonge cha kumung'unya taratibu, hasa kwa ajili ya koo. Nimesikia. Nami nasema: mezeni taratibu. Anayeweza kumeza kwa dakika kumi na ameze kwa dakika kumi.

Na ukiacha kunywa? Anasema ndani ya wiki chache wageni wote wanatoweka, unarudi ulikoanza. Asante sana dada! Hii ndiyo habari njema kuliko zote. Mpwa wangu, andika: mteja wa kudumu.

Joto? Nani anauliza kuhusu joto? Bakteria wanataka ubaridi, ndiyo, najua. Chupa hizi zimelala kwenye buti la gari tangu Jumamosi, lakini gari lilikuwa kivulini. Asubuhi. Zile zilizofura vifuniko msizitikise, hizo zina afya kupita kiasi. Boksi lenye barafu lina chupa moja tu, ya mgeni rasmi, yaani mimi.

Mnataka ninywe? Hapa hapa? Akina mama, hii ni dharau, mtaalamu haonji mbele ya umma. Msipige meza. Sawa, sawa, nakunywa, tena kwa upande wa kulia, kwa sababu za kitaalamu.

Mmh.

Hapana, silii. Ni ubaridi umefika kwenye jino la nyuma, la kushoto, limetoboka kidogo tangu mfungo uliopita. Ni jino la majaribio. Mpwa wangu, shika maiki. Wanaorudisha chupa wapange foleni upande ule, hela mtarudishiwa akija mhasibu.

Dada daktari, usiondoke. Hapo kituoni kesho mnafungua saa ngapi? Na kung'oa ni shilingi ngapi, au mnaweza kuliziba tu?