Ombi la Kusajili Mashangingi Kuwa Mifugo

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Ofisi Inayohusika na Vilima (kama ipo),
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUYATAMBUA MASHANGINGI YANAYOPANDA VILIMA KUWA MIFUGO

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Miyuji tunaoishi chini ya vilima vya mawe tunaleta kwako ombi dogo, lisilohitaji bajeti, tume wala ziara ya mafunzo Ulaya. Tunaomba magari makubwa yanayopanda vilimani kwetu mwisho wa juma yatambuliwe rasmi kuwa mifugo. Hatuna nia ya kumdharau mtu. Tumepekua historia ya mkoa wetu, tukaona kwamba anayechukuliwa hatua za maana kwa kuharibu mlima ni mwenye kwato.

Utakumbuka Kondoa. Ukiishika barabara ya Arusha kutoka huku kwetu, ni mwendo wa kilomita kama 150 tu. Mwaka 1973, mwaka uleule Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu, ulianzishwa Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Wasweden. Milima ya Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia unamsikia tu, humwoni. Mwaka 1979 Serikali ikaamua: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaswagwa, wakahama. Hakuna aliyeuliza mbuzi huyu ni wa nani, anamjua nani, au kama ana kikao mjini saa nane. Majani yakarudi, vichaka vikarudi. Baadaye ng'ombe waliporuhusiwa, walirudi kwa sharti la kufungwa zizini na kukatiwa majani.

Kwa wenye ng'ombe uamuzi ule ulikuwa mchungu, na hatuusifii uchungu wake. Tunachousifia ni kwamba ulitekelezwa.

Sasa tuje kwa mtuhumiwa wa leo. Anafika Jumapili mchana, ana uzito wa tani mbili na nusu na ushei kabla hajapakia mtu wala kreti ya vinywaji. Anachokitafuta ni kinjia cha miguu, kile ambacho akina mama hupita msimu wa mvua kuchuma mlenda, watoto hupita na mbuzi, na siku hizi vijana wa maofisini hupanda alfajiri kutafuta jasho walilolikosa wiki nzima kwenye viti vya kuzunguka. Upana wa kinjia hicho ni wa watu wawili kupishana kwa adabu. Shangingi halijui kupishana, basi linapanua. Dereva anaweka gia ya nguvu, matairi yanasaga palepale, changarawe inaruka, nyasi zinang'oka na mizizi yake, na wenzake wako pembeni wameinua simu: "Panda mnyama! Panda!" Likifika juu wanapiga picha, wanashuka. Pimbi waliokuwa wanaota jua mwambani hawaonekani tena hadi jioni.

Kauli hiyo ya "mnyama", Mheshimiwa, tunaomba iingizwe kwenye jalada kama ushahidi. Wameitoa wenyewe, bila kushurutishwa.

Labda mtaalamu wako atakuambia alama mbili za tairi si kitu. Mwambie aje Januari. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kwa hasira ndani ya siku chache. Udongo wa vilima hivi ni mchanga mwepesi uliomomonyoka kutoka kwenye miamba ya itale, umeshikiliwa na nyasi na mizizi tu. Tairi likishaukandamiza, maji hayazami tena. Yanafuata alama ile kuteremka, yanaichimba, na ikifika Aprili alama imekuwa mfereji. Mwaka unaofuata dereva anaukuta mfereji umemzidi kimo. Unadhani anarudi nyumbani? Anahamia pembeni yake, anafungua njia mpya, nayo inaanza kuchimbika kivyake. Kilima kinabaki na mistari mitatu minne inayoshindana ipi iwe korongo kwanza. Na mchanga wenyewe unateremkia majumbani. Jirani yangu anayeuza maandazi aliuchota mlangoni kwake kwa sinia la biashara, maana koleo lilikuwa limefukiwa.

(Malori ya mawe na moramu nayo tunayajua. Ila yale angalau yanatuachia nyumba. Haya yanatuachia video.)

Usidhani nchi hii haijui kulinda njia ya mlimani. Kilimanjaro, mpagazi anapimiwa mzigo kwenye mizani, na haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Serengeti, dereva wa watalii hatakiwi kuiacha barabara hata kama chui amelala hatua chache kutoka hapo na mgeni amelipa dola nyingi kumwona. Taratibu tunazo. Ni bahati mbaya tu kwamba kilima cha Miyuji hakina geti, hakina mizani, na hakina chui.

Ndiyo maana tunaomba usajili. Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tayari. Kwanza, shangingi litavishwa hereni kwenye kioo cha pembeni, tujue limetoka zizi gani. Pili, litafugwa kwa utaratibu wa Kondoa: libaki zizini, lipelekewe dizeli kwa ndoo, na likitaka kunyoosha viungo lizungushwe uani mara mbili. Tatu, na hapa ndipo tunapopata usingizi, litafuata desturi ya mifugo inayokamatwa hifadhini: linataifishwa na kupigwa mnada. Mnada wa Msalato uko karibu, kila Jumamosi. Lifungwe pale kati ya mbuzi na nyama choma, watu walikague meno ya matairi, wabishane bei. Tuna hakika mwenyewe atajitokeza haraka kuliko mfugaji yeyote aliyewahi kujitokeza.

Tunafahamu ugumu wako. Tangu Serikali ihamie huku, mashangingi yameongezeka mjini, na si rahisi kwa afisa kuandika hati ya kukamata gari ambalo kesho litakuwa limeegeshwa kikaoni kando ya lake. Kwa hiyo, iwapo ombi la kwanza litaonekana zito, tunaleta la pili, jepesi zaidi: mbuzi wetu wasajiliwe kuwa mashangingi. Tunao wanane kwa kuanzia. Hawanywi dizeli, hawahitaji dereva, na mlimani wanapanda bila kusukumwa. Wapewe tu namba za Serikali, zile za ST, kisha tuone ni mgambo gani atawauliza wanakwenda wapi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Miyuji,
kwa niaba ya wenye miguu, miwili na minne.