Lita Mbili za Kahawa

Mpwa wangu hawezi kunywa kitu kisichokuwa na maelezo. Bia anasema ni ya wazee, soda ya watoto, na maji yenyewe lazima yawe na kipande cha tango kinachoelea. Juzi kaja na karatasi mkononi, kakaa kwenye kiti changu, kasema: "Mjomba, Jumamosi nakutengenezea kokteli ya tiki. Ina ramu, nanasi na kahawa."

Nikamuuliza kama mama yake anajua.

"Nakutengenezea," katika nyumba hii, maana yake ni kwamba yeye anasoma karatasi na mimi natafuta vitu.

Kinywaji chenyewe kinaitwa Mr. Bali Hai, na kwao ni San Diego, Marekani, kwenye mgahawa wa Bali Hai ulioko kando ya maji tangu miaka ya 1950. Huko wanakinywea kwenye kikombe cha udongo chenye uso wa sanamu. Nikadhani basi kuna watu wa visiwa vya Pasifiki waliorithishana kitu hiki toka kwa mababu. Wapi! Tiki ni mambo ya Hollywood. Marufuku ya pombe ilipokwisha Marekani mwaka 1933, jamaa mmoja aitwaye Ernest Gantt alifungua baa pale Hollywood, akaipamba kivisiwani, akajiita Don the Beachcomber, na baadaye akabadilisha jina moja kwa moja akawa Donn Beach. Ramu siku hizo ilikuwa bei rahisi, basi akaikumbatia. Lakini ramu ni ya visiwa vya Karibi, Jamaika na Barbados huko. Watu wa Pasifiki walikuwa na kava yao, mizizi inayopondwa na kutiwa maji, wala haina pombe ndani. Kwa hiyo mapambo ni ya bahari moja, pombe ni ya bahari nyingine. Nanasi, ambalo kila mtu anaapa ni la Hawaii, asili yake Amerika Kusini. Kahawa ni ya Ethiopia. Kila kitu kwenye glasi hii ni mgeni, hakuna mwenyeji wa kumkaribisha mwenzake.

Na huyo Donn alikuwa msiri kuliko mganga. Chupa zake za mchanganyiko ziliandikwa namba na majina ya kificho, ili vijana wa kaunta wasije wakahamia kwa mshindani na maelekezo kichwani. Mchanganyiko mmoja uliitwa tu Don's Mix. Mwandishi Jeff Berry alihangaika miaka na miaka kuufumbua, akaja kuutoa kitabuni mwaka 2007. Ni nini? Juisi ya balungi na sharubati ya mdalasini. Mdalasini! Nenda Zanzibar kwenye mashamba ya viungo. Kijana anayetembeza watalii atakubandulia gamba mtini, atakunusisha, na kabla hujamaliza kupiga chafya amekwisha kukusukia kofia ya makuti.

Turudi kwenye karatasi. Inataka ramu mbili, nyeusi ya Jamaika na nyeupe ya Puerto Rico, halafu pombe tamu ya kahawa. Duka la vinywaji la mtaani kwetu lina ramu ya aina moja, nayo inakaa juu kabisa, nyuma ya nondo, pamoja na betri za redio. Muuzaji alipanda stuli kuishusha, akaipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe. Mahali pa ile nyeupe nikasema tutatia konyagi, maana nayo inatokana na miwa. Mpwa akavuta pumzi ndefu, hakusema kitu.

Pombe tamu ya kahawa niliiona supamaketi. Nilisoma bei, nikairudisha taratibu isije ikadondoka nikailipia. Kwani ni nini? Ni kahawa nzito, sukari na ramu. Mimi ni Mhaya. Kwetu Bukoba mgeni anakaribishwa kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani zikakaushwa, na pombe ya ndizi, rubisi, tunayo tangu Hollywood ni pori. Siwezi kufundishwa kahawa na mtu wa San Diego. (Ndiyo, tunajisifu. Tuna sababu.)

Mpwa akasema kahawa ikichemshwa na sukari mpaka iwe nzito inapungua sana, kwa hiyo tununue nyingi. Nikabeba chupa mbili za chai, nikaenda kwa muuza kahawa pale kona, yule mwenye dele la shaba na vikombe visivyo na mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nijazie zote mbili."

Akaacha kupepea mkaa. "Zote? Hizo si lita mbili?"

"Lita mbili."

Akanitazama usoni, akashusha sauti. "Poleni sana, mzee wangu."

Mtaani kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua lita mbili za kahawa saa nne asubuhi, isipokuwa kuna turubai linafungwa mahali. Na mimi ningejibu nini? Pale benchini walikaa wazee wawili wenye kofia zao na tasbihi mkononi. Niwaambie naenda kuichanganya na ramu? Nikasema ahsante, nikatoa pesa. Kashata akanitilia bure.

Nanasi lilitoka Kiwangwa, na hapo sina malalamiko, jambo linalonitia wasiwasi. Ukilisaga likiwa bichi, ukachuja, ukatikisa ile juisi kwa nguvu, inatoa povu jeupe zito linalokaa juu ya glasi bila kuharakisha kwenda popote. Ndani yake mna bromelini, kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana ulimi unawasha ukizidisha: wewe unakula nanasi, nalo linakula wewe. Yale majani ya kichwani, ambayo miaka yote nawatupia mbuzi wa jirani, kumbe ni mapambo. Mpwa aliyaosha kwa sabuni.

Barafu sasa. Tiki bila barafu iliyopondwapondwa haipo. Ndiyo inayopoza haraka na kuvunja makali. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, friji yetu ilikuwa kabati tu. Jirani mwenye jenereta akatugawia barafu aliyogandisha juu ya vibua. Tukaifunga kwenye kanga, tukaiponda kwa mchi uliotoka kutwanga kitunguu saumu. Kwa hiyo harufu ya bahari tulikuwa nayo kabla ramu haijafunguliwa. Donn alihitaji mapambo. Sisi tulikuwa na samaki mwenyewe.

Vipimo vyetu, kwa glasi moja: ramu nyeusi mililita 45, konyagi 30, kahawa tamu 20, juisi ya nanasi 45, ndimu 30, sharubati ya sukari 20. Kijiko cha chai ni mililita 5, basi mke wangu akasimama pale akinihesabia kwa sauti, na kila nilipotaka kuongeza konyagi alianza kuhesabu upya. Vyote vikatikiswa kwenye chupa ya uji ya mjukuu, yenye picha ya sungura.

Nilikuwa nimejiandaa kutema. Sikutema. Uchungu wa kahawa unaukaba utamu wa nanasi usije ukaleta fujo, ndimu inaamua ugomvi, na ramu inakaa nyuma kimya. Huo ukimya ndio ninaoulalamikia. Bia inakupa taarifa mapema. Gongo inakutahadharisha kabla hujafungua chupa. Hii inajifanya juisi. Donn mwenyewe kokteli yake ya Zombie alikuwa hamwuzii mteja zaidi ya mbili. Mwenye baa akikukatalia pesa yako, ujue anajua alichotia humo.

Nilikuwa kwenye ya pili, yenye mwavuli mdogo wa karatasi (miavuli mpwa alikumbuka kununua, ndimu alisahau, nikazifuata mwenyewe), tukasikia hodi. Akina mama watatu wa mtaa, kanga viunoni, mmoja kabeba sufuria kubwa. Nyuma yao mjumbe na daftari kwapani. Nyuma ya mjumbe, muuza kahawa, na dele limejazwa upya.

"Poleni jamani," wakasema kwa pamoja.

"Ahsanteni, karibuni," mke wangu akajibu kwa mazoea, kisha akanigeukia kwa macho ambayo nimeyaona siku ya mahari tu.

Watu wakakaa. Akina mama na muuza kahawa mke wangu akawamiminia juisi tupu ya nanasi, akahakikisha mwenyewe. Mjumbe, ambaye tunafahamiana kwa sehemu nyingine, alichukua glasi iliyokuwa karibu, akanusa, akanyamaza, akavuta kiti mbele. Alipofika katikati akakumbuka kazi. Akafungua daftari la rambirambi, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe.

"Haya, tuanze. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo, ila mpwa, ambaye hakuna mtu aliyemhesabia vijiko, alidhani anaulizwa kinywaji.

"Mr. Bali Hai," akasema kwa majivuno.

Mjumbe akaandika. Akasoma alichoandika. Akasoma tena kwa sauti, polepole, akaweka kalamu chini, akanywa kilichobaki kwenye glasi mpaka barafu ikalia.

"Mzee," akaniambia, "hebu tuelewane. Kafa au hajafa?"