Maji Yalipotuacha Junda

Sauti inayosikika kwenye ile video ikipiga kelele "Usimpe mkono! Atakuvuta na wewe!" ni ya mama mkwe wangu. Anayenyimwa mkono ni mimi. Niko ndani ya matope ya mikoko upande wa Junda, nimezama hadi mapajani, nimevaa jaketi la kuokoa maisha la rangi ya chungwa mahali ambapo maji yaliyobaki hayatoshi kuoshea kikombe. Video imeshafika Likoni, ikazunguka Mikindani na kurudi Changamwe. Juzi muuza mahamri wa mtaani kwetu alinifungia mahamri yangu kwa heshima zote, kisha akauliza kwa sauti ya upole kama miguu ilitoka yote miwili.

Chanzo ni shemeji. Shemeji anaishi Oslo, na huko ana boti. Ametueleza kwamba Septemba ikishaingia, watu wa kule huanza kuzipandisha boti zao nchi kavu na kuzifunika maturubai, maana baridi inakuja. Alipofika kwetu akakuta Septemba hiyo hiyo ndipo mambo yanapofunguka. Kusi iliyovuma tangu Aprili imeshachoka, demani imeingia, bahari imelainika, na mpaka kaskazi ije kuanza mwishoni mwa mwaka kuna majuma ambayo hata mwenye tumbo kama langu anaweza kukaa botini na chai yake ikabaki ilipo. Shemeji akaona hiyo ni bahati isiyoachwa. Akatafuta boti upande wa Kisauni, akakubaliana bei ya saa, akapanga Jumapili, saa moja asubuhi, jua lisije likatuunguza.

Kisa chote kimo kwenye hiyo saa moja.

Katika ghuba ya Oslo maji hupanda na kushuka kwa kiasi kisichofika gotini. Mtu anaweza kumiliki boti pale maisha yake yote asijue kwamba bahari ina miguu. Ya kwetu inayo, na huondoka kweli. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, ila siku inayohesabiwa ni ya mwezi, iliyoizidi siku ya jua kwa dakika hamsini hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja na tunapata bamvua: kutoka maji kujaa hadi maji kupwa, Mombasa, tofauti hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi kule, ndiyo maji mafu, na tofauti inaweza kuwa mita moja tu. Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, bamvua huwa kubwa zaidi. Sisi tulitoka Septemba, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mtu akitaka kuchagua asubuhi mbaya kwa makusudi, itabidi ahangaike sana kuipata iliyo mbaya kuliko ile.

Lakini kinachoninyima usingizi ni saa. Nilidhani bamvua huja saa yoyote inayotaka. Kumbe hapa kwetu ina miadi. Siku za bamvua maji hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kila nyumba yenye kalenda ya Kiislamu ukutani ina jedwali la maji. Ukiona tarehe za mwanzo kabisa wa mwezi, au zile za kumi na tano, kumi na sita, usimtoe mama mkwe wa mtu saa moja asubuhi ukampeleka mikokoni. Hiyo kalenda imening'inia juu ya friji yetu. Ina picha ya Msikiti wa Madina na namba ya simu ya duka la simiti, na miaka yote hii nimeitumia kujua Ramadhani iko mbali kiasi gani.

Tena maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Mabaharia huyagawa mafungu kumi na mawili kwa zile saa sita za kupwa. Saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ikiwa maji yatashuka mita 3.6, saa ya kwanza utaona sentimita 30 tu zimepungua na utasema bahari imetulia. Saa ya tatu na ya nne zinachukua sentimita 90 kila moja. Nusu ya bahari inakutoka ukiwa unapiga picha. Maji ya Jumapili ile yalijaa saa kumi na nusu alfajiri. Hesabu mwenyewe saa moja asubuhi inaangukia wapi.

Tulipita chini ya Daraja la Nyali, tukaingia mkono wa bahari wa Tudor, upepo ukiwa kidogo tu wa kupangusa uso. Nahodha, kijana mpole, alisema mapema: "Mkubwa, maji yanatoka. Tukae mkondoni, mikokoni tusiingie." Shemeji akamwona mdiria juu ya tawi. Mdiria, kama hujui, ni ndege wa buluu anayejua kupendeza, na huyu alikuwa akirukia tawi linalofuata kila boti ilipokaribia. Shemeji akasema kidogo tu. Akasema tena kidogo tu. Boti ikasema kwa tumbo lake kwamba imefika.

Sheria ya kukwama nimeijua sasa. Ukikwama maji yakijaa, subiri kidogo, yatakunyanyua. Ukikwama maji yakitoka, jitihada yoyote isiyofanyika dakika ile ile ni mazoezi ya viungo, na utakaa hapo mpaka maji yamalize kushuka na yarudi kimo kile kile. Tulikwama zikiwa zimebaki saa mbili maji yafike chini kabisa, kwa hiyo deni letu lilikuwa saa nne. Nahodha alilijua hilo. Alizima mashine, akavuta kofia usoni. Shemeji, kwa uzoefu wa Oslo, aliniambia, "Shemeji, shuka tusukume." Sisi wawili tushuke, alivyosema. Nilipogeuka kumtafuta alikuwa bado anakunja suruali.

Matope ya mikoko hayana papara. Yanakupokea hadi kwenye goti kwa ukarimu, kisha ukivuta mguu mmoja uzito wote unahamia wa pili, na ule wa pili unashuka. Chini ya unyayo hewa haiingii, ndiyo maana unahisi kama kuna mtu amekushika kisigino. Viatu vyangu viko huko. Mama mkwe alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma: anayesimama akampa mkono aliyezama huzama naye. Kinachotakiwa ni ubao au mti wa kulaza, kisha aliyezama alale kifudifudi atandaze uzito wake. Watoto wa Junda waliokuwa wakitafuta kaa walilijua hilo bila kufundishwa. Walikuja wakitembea juu ya matope yale yale, wepesi, wakalaza upondo wa nahodha, nikalala juu yake na jaketi langu, nikaburutwa. Mmoja alisimama akatutazama sote, boti, jaketi, mwavuli wa mama, akasema: "Shikamooni. Mnauza nini?"

Mwavuli, ndiyo. Mama mkwe, ambaye hana boti mji wowote, alikuja na mwavuli, chupa ya chai, mahamri, maji ya kunywa ya watu wote, leso ya ziada na kipande cha tangawizi cha kutafuna kichefuchefu kikija. Alikaa katikati ya boti, mahali panapoyumba kidogo kuliko pote, na alikaa hapo tangu tulipoondoka. Shemeji alikuja na miwani.

Sasa kuhusu jaketi. Nahodha alikataa kuwasha mashine mpaka kila mmoja alipovaa na kufunga kamba zote, na alifanya vizuri. Lakini kesho yake asubuhi nilisimama kwenye kivuko cha Likoni, nimebanwa kati ya mikokoteni na pikipiki, maji meusi ya mlango wa Kilindini yakipita chini, na sikumwona hata mmoja aliyevishwa jaketi. Hapo ndipo gari lilipoteleza kutoka kivukoni tarehe 29 Septemba 2019, katika demani hii hii tulivu, na mama na binti yake waliokuwemo wakakaa chini ya maji mpaka tarehe 11 Oktoba, kina cha mita 58, nchi nzima ikitazama. Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Walikuwa wanakwenda kazini. Mimi nilikwenda kumtazama mdiria, nikafungwa kamba tatu. Nimejaribu kulicheka hili na halichekeki.

Maji yalitunyanyua saa sita na nusu, taratibu. Pale tulipopandia tukakuta geti limefungwa na mlinzi anasema ni njia ya watu binafsi, ingawa wavuvi wamekuwa wakishukia hapo tangu kabla ya huo ukuta. Tukashukia mbali, mama akapanda jiwe.

Mengine ya msimu huu ni madogo. Bamburi, kwenye boti ya kioo, nilitapika juu ya kioo. Shelly, kofia yangu ilikwenda Pemba. Kwenye ngalawa ya rafiki niliambiwa nikae upande wa joshi, unakotoka upepo, nikakaa upande wa pili, tukalowa.

Ikabaki hesabu ya Jumapili. Nahodha alidai saa zote, tangu kuondoka hadi kurudi, na shemeji akaja juu: boti haikusogea hata hatua, alipe vipi saa za kukaa matopeni? Kijana alikuwa akikunja kamba, hakuinua kichwa.

"Mkubwa," alisema, "watu hulipia gesti, na gesti haiendi popote."