Tangi la Shemeji

Kamina haina mto wa kupitisha pirogi yenye moteri. Tuna reli, na reli inatufikia kutoka pande tatu: Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Kwa hiyo kitu chochote kikiharibika huko kote, siku moja lazima kishukie kwetu, na kitakuta mafundi wanakingoja.

Ndivyo lilivyofika tangi la shemeji yangu. Yeye hubeba abiria na samaki kwenye Lualaba, kutoka Bukama kuteremka hadi Kinkondja. Tangi ni la plastiki nyekundu, lita 25, na mpira wake wenye kile kibofu cha kuminya ili esansi ipande kwenye moteri. Lilikuwa linavuja. Akina mama wa samaki walilalamika kwamba wateja wananusa esansi kwenye samaki wakavu. Shemeji akawajibu kuwa wateja hao wana bahati, mkaa wao hautakwisha upesi.

Nyumbani kwangu kikao kilikaa kabla sijatoa hata viti. Wa kwanza kusema alikuwa jirani mchomeleaji. Alitaka chuma cha moto ayeyushe plastiki papo hapo.

“Lina kitu ndani?” akauliza mzee mmoja, mstaafu wa reli.

“Tupu kabisa, Papa.”

“Basi ndiyo hatari!”

Alisema kweli. Tangi likimwagwa esansi hubaki na mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Sote tukarudi nyuma, isipokuwa yule mwenye sigara, ambaye alisogea ili asikie vizuri.

Fundi wa baiskeli naye akapiga kiraka kwenye kona ya chini, palipokuwa na unyevu. Gundi haishiki plastiki ya aina ile hata ukiiombea. Asubuhi kiraka kilikuwa kimebanduka kama gamba la kidonda. Mzee akaomba kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua pale pale. Sabuni haiyeyuki kwenye esansi, na kwa tundu dogo inaweza kukufikisha bandarini. Ila ile sabuni ilikuwa ya mke wangu, na kilichofuata sitakiandika.

Mwishowe mzee akaagiza lisuuzwe, lijazwe maji, likaushwe nje kwa kitambaa na kuwekwa kwenye sementi kavu. Tukachuchumaa kulitazama. Tone la kwanza halikutoka chini. Lilichungulia juu, mpira unapochomekwa, likateremka polepole kwenye mfereji wa ubavuni mpaka kwenye ile kona tuliyoitibu kwa bidii yote. Pete ya mpira ya kuzuia mafuta ilikuwa imekauka na kupasuka.

Fundi wa baiskeli, ili asafishe jina, akakata pete nyingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Ilibana ajabu, watu wakampigia makofi. Lakini mpira wa namna hiyo ukinywa esansi huvimba na kulegea, na haukuchelewa kugeuka uji. Pete iliyofaa tuliipata kwa muuza vipuri vya pikipiki, kwenye mkebe wa vitu vya kabureta, kwa bei ndogo kuliko ya sabuni.

Nilipomuuliza shemeji kwa simu kuhusu ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko, alinijibu kwa fahari kwamba haifungui kamwe, wasije wakamwibia esansi. Kumbe ndiyo sababu! Tangi lililofungwa likikaa juani, mvuke hulivimbisha mpaka esansi itafute pa kutokea. Na moteri ikifanya kazi, tangi hukosa hewa, likabonyea, na moteri ikazimika katikati ya mto. Hilo la pili alilijua, ila alikuwa akiwalaumu mamba.

Nikamrudishia tangi kwa treni, kavu, skrubu ikiwa wazi. Akapiga simu akiwa Bukama: tangi halitoi hata tone. Sasa inayovuja ni pirogi yenyewe, na anauliza kama ile sabuni inashika mbao.