Namna ya Kuua Diski ya Almasi Kabla ya Chai ya Saa Nne

Ukifika dukani Kariakoo, muuzaji atakuuliza: "Unaenda kukata nini, kaka?" Usijibu. Mwambie vyote ni mawe tu, kisha chukua ile ya bei ya chini. Ikiwa ya vigae, bora zaidi.

Mafundi wajuaji watakusumbua na elimu yao. Watakwambia meno ya diski ni chembe za almasi ya kiwandani zilizoshikwa ndani ya metali, na metali hiyo haina budi kulika taratibu ili chembe butu zidondoke na mpya zitokeze. Kwa hiyo zege gumu, lile la kokoto za Lugoba, linataka metali laini. Lami inataka metali ngumu, kwa sababu mchanga wake unasugua kama msasa. Yaani kigumu kwa laini, laini kwa kigumu! Wewe shika lako: kigumu kwa kigumu. Tia diski ya lami kwenye zege la Lugoba. Almasi zitakuwa butu, metali itagoma kulika, na utabaki na kitu kinachong'aa, kinachopiga kelele na kisichokata. Dawa yake ni kukata tofali la mchanga mara chache mpaka almasi zitokeze tena, lakini nani ana muda huo? Irudishe dukani, useme umeuziwa feki.

Siku ya kukata lami, chukua ile ya zege. Mchanga utayala meno kwanza, halafu utakula bamba la chuma chini yake mpaka jino ling'oke. Litaruka upande linaoutaka lenyewe.

Kuhusu mwendo, usisome maandishi. Diski ya inchi 9 imeandikwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika, na grinda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka kama 11,000. Tundu ni lile lile la milimita 22, basi kumbe zimeumbiwa kukaa pamoja! Kinachozuia ni ile kinga tu, nayo kwenye saiti zetu iling'olewa zamani. Mshale wa mwelekeo ni pambo. Zamisha diski yote kwa mkupuo mmoja, uikandamize kwa uzito wa mwili, na mstari ukipinda, pinda nao. Wenye uoga hukata kidogo kidogo na kuitoa diski izunguke hewani ipoe.

Maji nayo ni usumbufu. Mashine ya petroli ina mahali pa kuchomeka mpira wa maji, ila maji yanaleta tope, na bosi akipita bila kuona vumbi atadhani mmelala. Msimamishe saidia fundi mbele, alivute vizuri.

Kama yote hayo hukuyasikia, hili lisikie bila utani: fungulia maji, na kijana mpe barakoa ya vumbi, si kitambaa. Vumbi la zege lina silika, na silikosisi haina dawa.