Katika Kulisifu Sharti la Udahili

Miongoni mwa neema ambazo vijana wa Unguja wamezipokea bila ya kuzishukuru, hakuna iliyodhulumiwa kama Sharti la udahili, yaani ile kauli ya chuo kikuu inayomjulisha mwombaji kwamba nafasi ni yake endapo atafikia alama fulani, katika masomo fulani, kabla ya tarehe fulani. Karafuu ina nyimbo zake, masika yana mashairi yake, na hata punda wa Mji Mkongwe hakukosa wa kumtetea. Lakini Sharti, ambalo kila mwaka baina ya Mei na Oktoba huingia katika nyumba nyingi kuliko mbu, halijapata hata ubeti mmoja wa heshima. Makala haya yanakusudia kuliondolea uonevu huo kwa utaratibu wa kitaaluma, yakianza na maana, yakipitia nasaba, na kuishia kwenye fadhila.

Sharti huja kwa sura mbili, na asiyezitenganisha hupotea mapema. Sura ya kwanza ni ya Uingereza, ambako mwanafunzi huomba chuo kabla hajafanya mtihani, walimu wake wakakisia alama atakazozipata, na chuo kikamjibu kwa barua ya nafasi yenye masharti, mathalani A mbili na B moja. Barua hiyo hubaki ahadi inayoning'inia hadi matokeo yatoke Agosti, na kwa kuwa mwombaji huruhusiwa kushika nafasi mbili, moja ya kwanza na moja ya akiba, Waingereza wamefanikiwa kumpatia kijana mmoja wasiwasi wa aina mbili. Sura ya pili ni ya Tanzania, ambako mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei, matokeo hutoka Julai, na maombi hufuata baadaye, kwa hiyo hapana haja ya kukisia chochote. Hapa Sharti huitwa sifa za kujiunga, hukaa ndani ya kitabu cha mwongozo kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na humbana vilevile anayeomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kule Tunguu, na anayeomba Dar es Salaam au Dodoma. Kijana anayeiomba Tunguu kwa mkono mmoja na Uingereza au Malaysia kwa mkono wa pili huishi chini ya sura zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa hakika ndiye mtu aliyewekewa masharti mengi zaidi kisiwani, akimzidi hata bwana harusi.

Nasaba ya Sharti ni tukufu. Zama za ukoloni lilikuwa na makao yake Cambridge, ambako karatasi za watahiniwa wa Zanzibar zilipelekwa kusahihishwa, na aliyefuzu vyema aliweza kuitazamia Makerere. Tanzania ilipojitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na kuunda Baraza lake lenyewe, NECTA, mwaka 1973, Sharti likapata uraia. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likalitia katika siasa, kwa sababu kwa miaka kadhaa baada yake aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi kiasi cha miaka miwili, kisha aletewe mapendekezo ya mwajiri na ya Chama tawala, ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimfikirie. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ililikabidhi Sharti kwa TCU, ambayo kuanzia mwaka 2010 ilikusanya maombi yote katika mfumo mmoja wa kielektroniki, na mwaka 2017 ikavirejeshea vyuo kazi hiyo, ili kila mwombaji apate fursa ya kulipa ada ya maombi mara nyingi kadiri ya vyuo anavyovitamani.

Fadhila zake ndogo zitatajwa kwa haraka. Sharti hukuza biashara, kwani mashine za fotokopi za Darajani hazipoi msimu mzima. Huimarisha ibada, kwa kuwa vijana ambao sala ya alfajiri ilikuwa imewashinda tangu Ramadhani huonekana safu ya mbele wiki ya matokeo. Huunga ukoo, maana ami aliyeko Muscat, ambaye hata maziko hayakumrudisha, hupiga simu siku hiyo hiyo kuuliza kijana kapata nini. Hutengeneza majina, kwa sababu msichana aliyeandikwa Khadija katika cheti cha kuzaliwa na Hadija katika cheti cha skuli hujulishwa na ofisi ya mikopo ya elimu ya juu kwamba yeye ni watu wawili, na huunganishwa tena kuwa mmoja kwa hati ya kiapo, baada ya malipo.

Fadhila kuu, ambayo inastahiki kukaliwa kitako, ni kwamba Sharti limewafundisha watu wa Unguja hesabu ambayo haijapata kufundishwa katika skuli yoyote. Ili kuifahamu ni lazima kwanza istilahi zielezwe. Pasi kuu ni alama yoyote kuanzia A hadi E katika somo la kidato cha sita. S ni pasi ndogo, na F ni kuanguka. Kwa hesabu ya vyuo vikuu, A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kanuni ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza ni pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, katika masomo mawili yanayohusiana na shahada inayoombwa. Kutokana na kanuni hiyo hupatikana matokeo ambayo wanahisabati wa Baghdad, pamoja na kuasisi aljebra, hawakuyaota. D mbili ni pointi 4, nazo zinatosha. C na E ni pointi 4, nazo zinatosha. Lakini A moja iliyofuatwa na S mbili haitoshi, ingawa A peke yake ina pointi 5, kwa sababu pasi kuu hapo ni moja tu. Imethibitika basi, bila ya nafasi ya ubishi, kwamba 5 ni ndogo kuliko 4.

Kanuni ya pili ni ya ndani zaidi. NECTA, inapopanga madaraja ya ufaulu, huhesabu kwa kurudi nyuma: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na mwenye jumla ya 3 hadi 9 katika masomo matatu ndiye wa daraja la kwanza. Maana yake ni kwamba A ile ile ni 1 katika karatasi ya matokeo na ni 5 katika fomu ya maombi, E ni 5 kule na 1 huku, na katika pasi kuu zote ni C pekee isiyobadilika, kwa kuwa ni 3 mbele ya kila mtu. Mzee akitangaza Jaws Corner, kwenye baraza maarufu la wanywaji kahawa wa Mji Mkongwe, kwamba mwanawe kapata pointi sita, wanabaraza hulazimika kuweka vikombe chini, kwani pointi sita za NECTA huweza kuwa B tatu, na pointi sita za TCU huweza kuwa D tatu, na hapana adabu iliyowekwa ya kumpongeza mtu na kumpa pole kwa sentensi moja. Aidha, mwenye D mbili na F, na mwenye E tatu, wote wawili wana pointi 15 za NECTA, ambazo ni za daraja la tatu. Wa kwanza anafikia pointi 4 za chuo kikuu, na wa pili, aliyefaulu masomo yote na hakuanguka hata moja, hafikii.

Kanuni ya tatu inahusu wakati. Waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015 walipangiwa alama kwa mfumo mwingine, wenye B+ katikati ya A na B, na kwao B ina pointi 3, C 2 na D 1. Mwaka 2016 mfumo wa zamani ukarejeshwa. Kwa hiyo D ya mwaka 2013 ina pointi 2, D ya mwaka 2014 ina pointi 1, na D ya mwaka 2016 ina pointi 2 tena, hata ikawa herufi hiyo, kama samaki wa soko la Malindi, bei yake haijulikani mpaka iulizwe imevuliwa siku gani. Waingereza, ambao mfumo wao wa maombi tangu udahili wa mwaka 2017 huipa A pointi 48 na E pointi 16, wamejitahidi kuchangia katika elimu hii, lakini idadi zao zina kasoro ya kupanda na kushuka kwa mpangilio.

Ipo pia fadhila ya unyenyekevu. Kijana wa Unguja husomeshwa sekondari kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na huanguka au kufaulu kwa Kiingereza. Kisha chuo cha ng'ambo humwandikia, kwa Kiingereza, kwamba nafasi yake inategemea kuthibitisha kwa mtihani mwingine wa kulipia kwamba anakijua Kiingereza, na cheti cha mtihani huo hutambuliwa kwa miaka miwili, kana kwamba lugha ni maziwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yenyewe yako katika maneno mawili ya kitabu cha mwongozo: kima cha chini. Kwa udaktari wa binadamu, kwa mfano, hutajwa pasi kuu tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia zenye jumla ya pointi 6, na mzazi aliyesoma mstari huo huamini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeamini, kwamba mwanawe mwenye pointi 6 au 7 ana haki ya kutumaini. Hana. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na wenye pointi 11 na 12 wako mbele yake. Kima cha chini humruhusu mtu kusimama kwenye foleni, wala hakimwambii foleni inaishia wapi. Chuo kinajua inaishia wapi! Kinajua pointi za wa mwisho aliyepokelewa mwaka jana, kwa kila shahada, kwa sababu ndicho kilichompokea. Kumwambia mwombaji idadi hiyo kungegharimu mstari mmoja wa wino, na kungemwokolea mama anayeuza maandazi Kwahani fedha za ada ya maombi isiyorudishwa, inayolipwa chuo baada ya chuo, awamu baada ya awamu, kwa tumaini ambalo mpokeaji wa fedha alijua tangu mwanzo kwamba ni hewa.

Lawama hii haiwezi kubebeshwa Sharti, ambalo maskini halina mkono wa kupokelea fedha. Wanaostahiki kutazamwa ni watu walio nyuma yake. Wako mawakala wa vyuo vya nje, wanaomkabidhi kijana barua ya nafasi yenye masharti kwa namna ambayo familia hupika pilau kwa ajili ya ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili, wenye alama, amana na mtihani wa lugha, husomwa wakati wageni wameshaondoka. Wako wakubwa wanaohamisha vipimo watoto wakiwa tayari wamepimwa: mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilifuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, yaliyokuwa mabaya kupita kiasi, na kuagiza yapangwe upya, na Agosti 2020 Uingereza, ambako mitihani haikufanyika kwa ajili ya korona, iliachia kanuni ya kompyuta ishushe karibu asilimia 40 ya alama zilizokisiwa na walimu, kabla ya kuiacha siku chache baadaye kwa aibu. Mapema mwaka 2017, TCU ilipochapisha majina ya maelfu ya wanafunzi waliokuwa tayari vyuoni kwa maelezo kwamba hawakuonekana kuwa na sifa, yaliyosomwa na majirani yalikuwa majina ya waliopokelewa, na si ya maofisa waliotia saini za kuwapokea. Wakati wowote idadi inapokosewa, anayeitwa hana sifa ni mtoto.

Kwa kuwa Sharti ni kitu chema kiasi kilichoelezwa, haielekei kuwa haki wanafunzi waendelee kulifaidi peke yao. Vyuo navyo vinafaa kupewa nafasi yenye masharti, kwa barua rasmi, kabla ya kuruhusiwa kupokea ada ya mwombaji hata mmoja: kwamba vitaje kwa kila shahada pointi za wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita; kwamba virejeshe fedha za yule ambaye vilijua hatoingia; kwamba kila barua ya masharti iyaweke masharti yake ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, na kwa Kiswahili pale mlipaji anapokuwa ni mzazi wa Kiswahili; na kwamba ofisa aliyempokea asiyestahili atajwe jina mahali pale pale atakapotajwa mwanafunzi. Kila sharti litahesabiwa pointi moja, kima cha chini kitakuwa 4, na chuo kitakachopungukiwa kitaarifiwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba ushindani ulikuwa mkubwa na kwamba kinakaribishwa kujaribu tena katika awamu ya pili, kwa kulipia upya.