Rubani wa Magongo na Nyaya Zake

Safu hii, ambayo kwa desturi yake huwaondolea wasomaji wa bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, dhiki za mahari, mirathi, majirani wenye kuku na wapangaji wasiolipa, imepokea juma hili barua nne zinazohusu jambo ambalo wazee wetu hawakulitolea fatwa, nalo ni ndege za kompyuta na nyaya zake. Tumezisoma zote kwa taadhima, na tunazijibu hapa kwa kadiri ya maarifa tuliyojaaliwa, tukimtaka radhi msomaji wa Mishomoroni aliyetuandikia juu ya mbuzi wa shemeji yake, ambaye itambidi angoje.

*Mheshimiwa Mshauri, baada ya salamu. Mimi ni mkazi wa Magongo, ambako ndege za kweli hunipitia juu ya mabati usiku na mchana, hata hamu ya kurusha yangu ikanishika, nikajinunulia kidogo kidogo usukani, padeli za miguu, mkono wa mwendo, na kisanduku cha swichi chenye taa. Nyaya zilipozidi, mama mkwe akajikwaa akiwa na sinia ya mahamri, nami kwa aibu nikanunua habu ndogo ya USB yenye matundu manne, nikachomeka kila kitu humo, sebule ikapendeza. Tangu siku hiyo, kila nikikaribia kutua uwanja wa Moi, padeli hufa, ndege ikaenda upande, nami nikaishia katika maji ya Port Reitz. Je, ni kaskazi, au ni jicho la jirani? Wako, Rubani wa Sebuleni.*

Ndugu Rubani, jirani yako mtake radhi leo kabla jua halijatua, kwa maana hana hatia. Na upepo nao, ijapokuwa una tabia zake, hauna kosa katika mashtaka haya. Twafahamu kwamba programu ya Microsoft ya kurusha ndege iliyotoka mwaka 2020 yaweza kuchukua hali ya hewa ya saa ile ile kutoka kwenye intaneti, na kwa hiyo msimu wa kaskazi, upepo uvumapo kutoka kaskazini mashariki, aghalabu utapewa njia ya 03, nambari ambayo maana yake ni digrii 30 za dira, nawe utaijia kutoka kusini magharibi ukiyavuka hayo maji unayoyalalamikia. Lakini njia hiyo ina urefu wa zaidi ya meta 3,300, na upepo wa usoni humfaa rubani anayetua wala haumwangushi. Ingekuwa mwaka 1937, zama ambazo ndege za maji za Imperial Airways zilikuwa zikitua Mombasa katika safari ya kutoka Southampton hadi Durban, tungekupongeza kwa kuteremka majini kwa usahihi kama huo. Bahati mbaya wewe umechagua ndege yenye magurudumu.

Mwenye kosa ni ile habu iliyokupambia sebule. Waliotunga kanuni za USB, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, waliamuru kwamba tundu moja la kompyuta la toleo la pili litoe umeme wa volti 5 na miliampea 500, nao ni wati mbili na nusu tu. Tundu la toleo la tatu, ambalo aghalabu ulimi wake ni wa buluu, hutoa 900. Sasa tundu lile, ndugu yangu, umelifanya kama kijana wa ukoo aliyepata kazi gatini Kilindini, ambaye mshahara wake ni mmoja na wanaoutegemea hawana idadi. Na habu isiyo na umeme wake mwenyewe ni mjomba anayekaa mlangoni siku ya mshahara, akaugawa kwa uadilifu mkubwa baada ya kwanza kujikatia fungu lake. Hatusemi hivi kwa kumsingizia mjomba. Kanuni zenyewe zimempa ruhusa: habu ya namna hiyo hujitwalia miliampea 100, na kila tundu katika yale manne likapata 100, basi. Usukani waweza kutosheka na kiasi hicho, na padeli vivyo hivyo. Lakini kisanduku chenye taa kikitaka zaidi hakiombi ruhusa, huchukua.

Utauliza ni kwa nini maafa haya hayakufiki ukiwa juu ya Voi, bali hukungoja hadi uione njia ya ndege. Jawabu ni kwamba angani mambo ni machache na mkono umetulia, lakini karibu na kutua umeteremsha magurudumu, taa tatu za kijani zimewaka, swichi za taa za kutulia umezifungua, na kisanduku chako chote kimenawiri kama harusi. Volti zikashuka chini ya kiasi, na kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote kikakata mawasiliano na kompyuta kwa nukta chache, kisha kikarejea kama kwamba hakikutoka. Nukta hizo chache ndizo zinazokutia majini.

Dawa yake ni habu yenye umeme wake, yaani ile inayokuja na adapta ya kuchomekwa ukutani, ambayo huitumia kompyuta kwa mazungumzo na ukuta kwa chakula. Usiridhike na maneno ya muuzaji, isome karatasi iliyobandikwa juu ya adapta. Ikiwa habu ina matundu saba na wataka kila moja lipate haki yake ya miliampea 500, hesabu yake ni ampea tatu na nusu kwa volti 5, ambazo ni wati kumi na saba na nusu. Adapta iliyoandikwa volti 5 na ampea 2 itakupa wati 10, nayo ni ahadi ambayo haiwezi kutimizwa, hali ile ya volti 12 na ampea 2 itakupa 24, na habu iliyoundwa kwa ajili yake itazishusha volti yenyewe. Lakini tahadhari kubwa hapa: ncha za adapta hufanana sana, na mtu akiichukua adapta ya volti 12 ya kifaa kingine akaitia katika habu ya volti 5, atasikia harufu kabla hajaona lolote.

Ukishaipata, ifunge kwa skrubu chini ya meza, vyombo vyote vinne vichomekwe hapo kwa nyaya zinazopita nyuma ya mguu mmoja wa meza, na kutoka hapo utoke waya mmoja tu kwenda kwenye kompyuta, ambao uuchomeke katika tundu la nyuma lililo juu ya ubao mama wenyewe. Kwa kufungia usinunue plastiki za kukaza, ambazo hung'ata waya na kila ukitaka kubadilisha huna budi kuzikata. Omba leso kuukuu, uichane vipande vya upana wa vidole viwili, ufunge fundo linalofunguka. (Neno *omba* tumelitumia kwa makusudi.) Kila ncha ibandike utepe ulioandikwa jina lake, na kila tundu la habu vivyo hivyo, kwa sababu ukiihamisha padeli kutoka tundu la tatu kwenda la tano, programu yaweza kuiona kuwa ni mgeni, ikasahau yote uliyoifundisha, nawe ukaanza upya kuieleza kwamba mguu wa kulia ni wa kulia.

Kisha ingia katika orodha ya vifaa vya kompyuta, utafute habu, ufungue ukurasa wake wa umeme, na uifute alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuweka akiba. Akiba hiyo ni ndogo mno, na kompyuta hupenda kuitafuta wakati mikono yako imetulia kwa muda, kama vile katika safari ndefu. Fauka ya hayo, sisi watu wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya kigeni havimtaji, naye ni hewa ya chumvi. Chomoa ncha zako mara moja moja, uzitazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa kijani juu ya shaba, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, umeme ukiwa umezimwa, wala usipulize kwa kinywa.

*Mshauri, mume wangu amekwambia habari za nyaya. Mimi na nyaya sina neno. Neno langu ni kwamba nikipakua wali huniambia yuko futi elfu thelathini, na nikirudi na chai huniambia anasubiri ruhusa ya mnara. Nifanyeje? Mke wa Rubani.*

Mama, barua yako ilifika kwa posta ile ile ya mumeo, na tunaona ni haki kukujulisha mambo mawili ambayo huenda hakuyataja. La kwanza, programu hizo zina kitufe cha kuisimamisha ndege papo hapo angani, ikangoja bila kuanguka hata mtu amalize wali, aoge, na asali Isha. La pili, akifuata nasaha tuliyompa hapo juu, vyombo vyake vyote vitakuwa vinafika kwenye kompyuta kwa waya mmoja, ambao hapo awali usingeweza kuutambua katika kile kichaka, lakini sasa utakuwa na utepe na jina. Kuuchomoa hakudhuru chombo chochote. Twakusihi tu umwache kwanza atue, kwa maana amekwisha kutaabika vya kutosha na maji ya Port Reitz.

*Bwana Mshauri, mimi ni mtu mzima, naishi Mtongwe, Likoni. Mjukuu wangu huzima kompyuta saa nne, lakini vitaa vyekundu na buluu hukesha chini ya meza, na juzi nimesikia feni ya kompyuta ikizunguka taratibu nayo imezimwa. Nimemwita mwalimu akasoma, akatundika hirizi nyuma ya kompyuta. Vitaa vingali vyawaka. Bibi wa Mtongwe.*

Bibi yetu, shikamoo. Ulilolifanya la kusomesha nyumba ni jema, na wala hatusemi kwamba Mtongwe hakuna majini. Twasema kwamba hawa si wao. Vitaa hivyo ni vya habu ya mjukuu wako, nayo hula kutoka ukutani, na ukuta haulali, basi vitaa vyake havina sababu ya kulala. Ama ile feni, hilo ni jambo la aibu kwa waliounda habu hiyo: habu iliyotengenezwa vyema huwa na kizuizi kinachozuia umeme wa adapta usirudi nyuma kupitia waya wa kompyuta, na habu rahisi hukosa kizuizi hicho, hivyo kompyuta iliyozimwa ikalishwa matone ya umeme kwa mlango wa uani, ikapapasa kama mtu aliyeamshwa nusu. Mwambie mjukuu, akishazima, auchomoe ule waya wa habu unaoingia kwenye kompyuta. Feni ikisimama, mambo yamekuwa bayana, naye abadilishe habu. Kabla hajabadilisha, soketi ya ukutani ina swichi yake, aizime kila usiku, na aizime hima stima ikikatika, kwa sababu hurudi kwa kishindo, na adapta ndogo huwa ya kwanza kukipokea. Hirizi nayo itolewe pale nyuma na itundikwe mlangoni, kwani hapo ilipo imeziba matundu ya hewa, na kompyuta ikikosa pumzi huungua kweli kweli.

*Kwa Mshauri. Nina miaka 16, nakaa Kiembeni, Kisauni. Kompyuta iko chumba cha kaka yangu, kiti changu kiko ukumbini, umbali wa meta 9. Nimeunga nyaya mbili lakini usukani hauonekani. Tena nimefikisha saa 900 za kuruka. Je, shule za urubani za Wilson zitazihesabu?*

Mwanangu, waya wa USB wa toleo la pili haupiti meta 5. Ukiunga mmoja kwa mwingine, mawasiliano hufika yamechoka hata kompyuta haiyafahamu. Weka habu yenye umeme wake katikati, mlangoni kwa kaka yako ikiwa pana soketi, waya mmoja wa meta 5 uende kwenye kompyuta na mwingine wa meta 4 uje kwako, kwa sababu habu huyapokea mawasiliano na kuyatuma upya yakiwa na nguvu. Kanuni zaruhusu habu hadi tano kufuatana hivi, lakini tafadhali usimpelekee kaka yako hoja hiyo.

Kuhusu saa 900, usidharau kiti chako, kwa kuwa mashine ya Edwin Link, ambayo marubani wengi wa vita vya pili walifundishiwa kuruka kwa vipimo, ilizaliwa mwaka 1929 katika kiwanda cha vinanda cha baba yake kule Binghamton, Marekani, ikiwa imeundwa kwa mivukuto ya vinanda hivyo; na 1929 ndio mwaka Bibi Florence Kerr Wilson alioanzisha Wilson Airways jijini Nairobi, ambaye jina lake ndilo ulilo nalo uwanja huo wa Wilson hadi leo. Walakini Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya huhesabu saa za ndege ya kweli pamoja na saa chache tu za mashine iliyokaguliwa na kupewa cheti, na kiti cha ukumbini Kiembeni hakijakaguliwa na mtu ila mama yako. Leseni ya rubani binafsi hutaka umri wa miaka 17, cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa, na saa zisizopungua 40 angani. Una mwaka mzima wa kujiandaa kwa hesabu na fizikia. Zile 900 ziandike katika daftari lako, na siku ya kwenda Wilson daftari hilo liache nyumbani.